Disque ya Ine

Siku ya kwanza ya wiki, 5/6/2000

Nimefungula carter, ile bakuli ya chini ya boîte, ya jeep ya commandant. Huile, mafuta yake, yote nyeusi, inanuka kuungua kama maharagi yenye ilisahauliwa ku moto. Ku sumaku ya chini, unga ya chuma. Mingi. Hii boîte, sanduku ya gia, ni automatique, inabadilisha vitesse yenyewe. Mimi miaka kumi na tano natengeneza za kubadilisha na mukono. Za namna hii nimefungula mbili tu. Moja ilikufa, iko nyuma ya choo.

Commandant hakuuliza kama najua. Alisema itembee siku ya tano, mwisho. Itakapotembea, mudogo yangu Kakule atatoka mu cachot, gereza ya camp ya basoda. Balimukamata ku barrière ya njiani wiki yenye ilipita, akitoka Manguredjipa. Banasema alikuwa anabebea batu ya pori, adui yabo, habari. Alikuwa anabeba mafuta ya ngazi, ya kupikia. Kila asubuyi mama anapeleka chakula. Banakamata sahani, mutoto habamuonyeshe.

Naogopa. Ku bengine nasema siogope.

Siku ya pili, 6/6

Nimeshusha boîte, nimeifungula yote kipande kipande ku meza. Livre, kitabu yake, hapana mu Butembo muzima. Donc nafanya vile papa alinifundishaka, yeye alikuwa fundi wa camion: kila kitu unakipatia jina kwa vile kimetoka, kama sisi Banande tunavyopatia batoto. Disque, bisahani bya mviringo bya kushikana: ya kwanza Paluku. Ya pili Kambale. Ya tatu Kasereka. Ya ine Kakule. Ya tano Katembo. Katikati yao zile za chuma tupu, hizo basichana. Kurudisha, unaita majina na sauti, hakuna mwenye kupotea.

Kambale ni mimi, mutoto wa pili kwetu. Hiyo hainisumbue. Lakini ku ya ine nilinyamaza. Kuita Kakule mu bassin ya uchafu, hapana. Nilisema tu "ule".

Siku ya tatu, 7/6

Kusafisha siku muzima. Bya chuma mu pétrole, na brosse ya meno ya batoto. Kitambaa hapana. Kitambaa inaacha nyuzi, unyuzi moja unaziba katundu kadogo, basi, imekwisha. Nakausha na upepo ya pompe ya pneu, kisha jua. Bidole inaniwaka.

Zile tano zenye garniture, ngozi ya kushikilia, pétrole inaziua. Hizo nafuta na huile, naangalia moja moja. Paluku na Kambale muzuri. Kasereka imeungua: unapitisha ukucha, garniture inatoka kama ukoko ya sufuria. Katembo vilevile. Nilienda nyuma ya choo, nikafungula ile boîte ya kufa, nikatoa mbili. Zinaenea. Mungu alisaidia. Zote tano nimezilalisha mu bassin ya huile mupya, zinywe mpaka kesho.

Masika, muke yangu, alikuya akasimama pale. Anasema nirudishe zile za kuungua, jeep ifie basoda ku milima ya Lubero. Nilikataa. Jeep ikifia njiani, nani atalipa? Kakule.

Akasema: "Na ikitembea, itaenda kufanya nini?"

Nilimwambia aende kupika. Nilikuwa mukali bure.

Siku ya ine, 8/6

Mama alirudi mbio kutoka camp. Leo balitosha batu ine inje ya cachot, bakaenda kwabo. Musoda wa mulango alimwambia: fundi akileta jeep leo, mutoto wako analala kwenu leo.

Nikaharakisha. Nikaita majina, nikaweka, nikafunga, nikaipandisha. Saa tisa, nikiinua bassin nimwange huile, kitu kikagonga chini. Disque. Ya ine.

Niliita Kasereka, nikanyamaza, nikaita Katembo. Mukono ukafuata kinywa. Basichana wawili, zile za chuma tupu, bakafuatana, na sikuona. Mimi, mutoto wa fundi.

Ingetembea vile. Siku mbili, labda wiki. Chauffeur, dereva wa commandant, alikuwa hapa anangojea, anasema washa tu, mécano. Nilifikiri jeep inateleza ku mupando, commandant anarudi na hasira, Kakule iko kwetu, banamukamata mara ya pili na mimi pamoja. Nikasema kesho asubuyi. Chauffeur akaenda. Mama alikunja ile shuka yenye alikuwa ametandikia Kakule.

Siku ya tano, 9/6

Nimefungula tena. Safari hii nikaita Kakule, na sauti, mara mbili. Nikafunga. Jeep ikapanda mulima bila kuteleza hata kidogo. Saa ine nikaifikisha ku camp.

Kule basoda banakimbia, banafunga mizigo. Ordre ilifika asubuyi: kwenda Kanyabayonga, sasa hivi. Commandant akazunguka mu cour mara mbili na jeep. Akacheka. Akanipiga ku bega. Nikaomba mudogo yangu. Akaonyesha na kidole: bale ba cachot bapande nyuma ya jeep, babebe caisse, masanduku ya masasi. Balibaki batatu.

Kakule amekonda. Aliniona, akauliza: "Yaya, mukubwa wangu, ni wewe uliitengeneza?"

"Ni mimi."

"Basi tutafika," akasema, na akacheka kidogo.

Jeep ikaenda. Vitesse zikabadilika muzuri, nilizisikia zote mpaka ku kona.

Siku ya Mungu, 11/6

Habari hakuna. Nilienda misa, sikuimba. Kama ningeitaka jina yake siku ya ine, angekuwa hapa. Najichukia.

Siku ya posho, 17/6

Hakuna. Masika hakunikumbusha maneno yake. Afazali angenikumbusha.

Siku ya tatu ya wiki, 28/6

Jeep imerudi. Chauffeur peke yake, anataka niangalie huile.

Nikashusha carter. Huile nyekundu, safi. Ku sumaku hakuna kitu.

Nikauliza bale batatu. Akaangalia chini, ku bottes zake. Anasema balibaki Kanyabayonga. Nikauliza balibaki bazima? Anasema yeye ni chauffeur tu.

Nilirudisha carter, nikakaza boulons zote moja moja. Akawasha, akaenda.

Mama alikuwa amesimama ku mulango na sahani ya Kakule. Aliuliza chauffeur amesema nini. Nilimwambia amesema boîte iko muzuri.