Kahawa ya Bwana Shauri

Jumatatu, Mfungo Tano

Na kahawa yenyewe hakuingoja! Nimeitwanga tangu alfajiri kwa ajili ya baraza la Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, aliyekuja kuwauliza watu wa mtaa kama mahakama ya zamani ibomolewe. Ni gofu kweli, mti umeota dirishani. Lakini ukuta wake wa nyuma ndio ukuta wa chumba changu.

Nilikuwa nyuma ya ua, nasikia yote. Alipokwisha kusema, Mzee Mwinyikondo, mkubwa wa mtaa, akajibu, "Tumekusikia, bwana." Wengine kimya. Kwetu mgeni haambiwi hapana akiwa na koo kavu. Anywe kwanza, ndipo aelezwe.

"Basi hakuna anayepinga. Ahsanteni sana." Bwana Shauri akaondoka na motokaa yake, nami ndiyo kwanza namimina kikombe cha kwanza.

Nikamwuliza mume wangu, "Mbona hukusema?"

"Mzee hajasema, nitangulie mimi?"

Adabu! Haya, tutajifunika hiyo adabu mvua ikinyesha.

Alasiri wakaja vibarua na ndoo ya chokaa, wakatia alama kuta za mahakama. Wakazunguka hadi kwangu, wakatia alama ileile kando ya mlango. Nikawauliza kulikoni.

"Tumetumwa tu, mama."

Nikaingia ndani kuwapashia ile kahawa, wanywe kwanza ndipo niwaambie hapana.

Nilipotoka na sinia, walikwisha kwenda. Nikapitisha kidole juu ya chokaa. Imeshakauka.