Minyaa ya Mzee Longino

Jumapili, 30 Agosti 2009. Gitega, Musinzira

Itangazwe kwa mataifa yote, wakubwa kwa wadogo: leo, baada ya misa ya kwanza, Madamu Emiliana, mwalimu wa dini, mwenye miaka arobaini na mitano na uzito usiotajwa, amekalia miwani yake. Mkono mmoja wa miwani umevunjika. Marehemu ataungwa kwa uzi mweusi.

Habari ndogo sasa. Kesho napeleka wasichana kumi na wawili Muyinga. Kila mwaka, kabla shule haijafunguliwa, lise yetu, sekondari ya wasichana, inakwenda kuwalimia wasiojiweza wa parokia moja. Sista Jeska, direktrisi wa shule, husema sala bila jembe ni kelele. Mimi nina sala nyingi na mgongo mmoja.

Layla anakuja pia. Mwislamu peke yake katika kundi, tena ni Ramadhani. Nikamwambia abaki. Akacheka: baba amesema jembe halijui nani amefunga. Baba yake, Mahmudu, ni fundi cherehani huko huko Muyinga, mjini. Ameshona sare za mabinti wa watu miaka mingi, mpaka akamshonea wake.

Jumatatu, 31 Agosti. Muyinga

Safari kwa kamyoneti ya parokia. Vumbi lote la njia ya Karusi liko masikioni mwangu.

Na nani nimemkuta? Mama Ursula! Jirani yetu wa kambi ya wakimbizi ya Ulyankulu, kule Tanzania. Mama yangu alipokufa, ni huyu aliyenilisha ugali miaka miwili, na sikuwa mtoto wa kula kidogo. Amerudi mwaka jana, baada ya miaka thelathini na sita. Shamba la baba yake ndilo tutakalolima kesho. Tumeongea Kiswahili chetu mpaka watu wakageuka. Basabwanya — ndivyo wanavyotuita tuliotoka kule. Tumezoea. Karibu tumezoea.

Katekista Fabiano alinieleza maneno marefu juu ya shamba hilo. Nilikuwa nafunga uzi kwenye miwani.

Jumanne, 1 Septemba

Mwandiko huu hata mimi sitausoma.

Shambani kulikuwa na mstari wa minyaa. Ikang'olewa. Kufika saa sita yote ilikuwa imelala chini, inatoa maziwa yake meupe, na maziwa hayo yakamwingia Layla machoni. Mtoto alivyolia! Tukamwosha kwa maji, ndoo baada ya ndoo. Macho yamevimba kama maandazi.

Minyaa ile ni mpaka. Ni ya Mzee Longino, aliyeshika upande wa juu tangu watu walipokimbia. Akaja na wanawe wawili, wana mapanga. Hakupaza sauti — hilo ndilo lililonitisha. Aliuliza kwa Kirundi, polepole: nani amemwambia huyu mtoto ang'oe? Kesi yangu imeshakatwa na Kanisa?

Maana hapa anayeng'oa mnyaa amekwisha hukumu.

Nilikuwa nimemshika Layla kichwa. Mwenye kushika kichwa cha mgonjwa haulizwi maswali, nilijiambia.

Jumatano, 2 Septemba

Asubuhi tumekuta tawi la mnyaa mlangoni tunapolala. Limekatwa mara moja, kwa panga kali. Limelazwa vizuri, kama ua la altare.

Sokoni mama wa ndagala, wale dagaa wa ziwani, amekataa kuwauzia wasichana. Wang'oa mipaka! Sasa wanakwenda chooni watatu watatu. Na mimi nyuma yao, wa nne.

Sista Jeska amefika kutoka Gitega. Alinisikiliza akiwa amesimama. Nikasema: Sista, miwani ilikuwa imevunjika, sikuona vizuri. Labda mtoto alidhani ni kichaka.

Labda!

Akasema bashingantahe, wazee wa haki, watakaa Ijumaa. Kama mwanafunzi alifanya kwa kichwa chake, hatarudi lise. Lazima watu wa kilima kizima waone kwamba si shule iliyohukumu. "Emiliana, watu wameuana kwa mpaka mfupi kuliko huo."

Nikaitikia ndiyo, Sista.

Alhamisi, 3 Septemba

Mahmudu amekuja kwa baiskeli. Kanzu safi, pini mbili bado zimechomekwa kwenye kola.

"Madamu, mi sina maneno mingi. Mtoto iko anaona?"

Nikasema anaona, uvimbe unashuka.

"Alhamdulillahi. Bon. Na masomo?"

Nikasema tutaona. Akanishukuru! Akanipa sambusa za futari yake. Nilijua sistahili hata moja. Nimekula tatu.

Baadaye nilikuwa namtia Layla dawa. Akasema, taratibu tu, kama anayeuliza saa: "Madamu, ile siku ulisema iko nyoka. We ulimuona?"

Nikamwambia afumbe macho.

Ijumaa, 4 Septemba

Nimekaa kwenye nyasi nyuma ya akina mama, daftari gotini. Watu wanadhani naandika ripoti ya shule. Wazee ni saba. Longino na wanawe upande ule. Mapanga wameambiwa wayaache njiani, nami nimeyahesabu: matatu. Mama Ursula upande huu, anasali rozari kwa vidole tu.

Kabla wazee hawajafika kwangu, yaandikwe yaliyotokea.

Fabiano aliniambia wazi: limeni mpaka kwenye minyaa, msivuke, kesi iko kwa wazee. Nilisikia kila neno. Uzi haufungwi kwa masikio.

Jumanne Mama Ursula alisimama penye minyaa akanyoosha kidole: kaburi la baba liko kule, chini ya mihogo ya Longino. Hakuniomba kitu. Alifuta pua kwa kitenge. Nami nikawatazama wasichana, nikachagua. Wengine ni watoto wa vilima, mnyaa wanaujua, wangeuliza. Layla ni mtoto wa mjini. Nikamwambia: ng'oa hii, inaficha nyoka. Akauliza: yote, Madamu? Nikasema yote.

Hakukuwa na nyoka. Miwani ilikuwa imekaa vizuri puani.

Niliogopa mapanga, kweli. Lakini kabla ya mapanga niliogopa kilima kizima kiseme: si mnaona, msabwanya kamlimia msabwanya mwenzake. Na kingekuwa kinasema kweli. Basi nikamwacha Layla abebe. Mimi, niliyewafundisha amri ya nane, usiseme uongo, kwa wimbo na makofi.

Wamemwita yeye kwanza. Mmoja wa wale wazee saba amegonga fimbo chini: mwanangu, nani alikutuma?

Mahmudu amevua kofia. Sista Jeska anatazama viatu vyake.

Mzee amegonga tena. Anauliza mara ya pili. Fabiano ananinong'oneza kwamba ya tatu hawaulizi, wanahukumu. Nimeinuka nusu, goti moja bado chini kama kanisani, na hapo nimekwama. Layla amegeuka. Si kwa wazee. Kwangu. Macho mekundu, na mimi namwona kabisa, kope moja moja —