Mikono ya Shashi

Bombay, 14 Februari 1988

Mdogo wangu Shashi,

Pokea salamu zangu na za shemeji yako Sulabha. Sisi wazima, ila goti langu la kushoto linanikumbusha kila asubuhi kwamba nina miaka hamsini na mbili. Kumud hajambo? Vaishali anaendeleaje na masomo? Na wewe, kile kikohozi cha Calcutta kimekuacha?

Bila shaka umeshasikia, maana muuza chai wa kona yetu alijua kabla sijamwambia mke wangu. Nastaafu. Jumapili ya mwisho ya Machi, mbio ya nne, juu ya farasi wangu Neelkanth, halafu basi. Miaka thelathini na sita mgongoni mwa farasi inatosha.

Ungeona vurugu iliyoko hapa. Mpiga picha wa gazeti alikuja nyumbani asubuhi akataka nivae sare ya mbio huku nakunywa chai. Nikamwambia, "Bwana, nani anakunywa chai na kofia ngumu kichwani?" Akasema wasomaji watapenda. Nikavaa. Sulabha alicheka hadi akamwaga poha yote, mchele wetu wa asubuhi, sakafuni, na picha ikatoka ukurasa wa kwanza.

Lakini si wote wanaonisifu. Ukurasa wa barua za wasomaji umegeuka uwanja wa vita. Mmoja anasema nimechelewa miaka mitatu, kwamba tangu mwaka juzi sijashinda mbio kubwa hata moja. Mwingine anamjibu kwamba niachwe nipande hadi farasi mwenyewe aniombe nishuke. Nawasoma jikoni, nahisi kama wanamjadili marehemu. Hayo nayavumilia. Lililonichoma ni la yule mwandishi wa safu ya Jumamosi. Ameandika kwamba siku hiyo wenzangu wataniachia njia, na watu watapiga makofi wakijifanya hawajaona.

Shashi, nataka uje upande siku hiyo. Mwenye Badal anakutaka wewe, na Badal ndiye farasi ambaye kila mtu anatazamia ashinde. Njoo unishinde ukiweza. Nikishinda nataka nishinde kweli, nikishindwa nataka nishindwe kweli. Nakuapisha kwa roho ya Mama, usinipe zawadi. Ukinipa zawadi siku hiyo, mimi na wewe basi.

Na jifunze kuandika. Barua yako ya sikukuu ya Diwali Sulabha alidhani umeiandika kwa Kibengali.

Kaka yako,
Dattatray


Calcutta, 23 Februari 1988

Kaka Dattu,

Shikamoo wewe na shemeji. Huku tu wazima, kikohozi kimekwisha. Vaishali amekuwa wa pili darasani, na amenuna kwa sababu ya huyo wa kwanza. Nimemwambia nafasi ya pili ni mali ya ukoo, babake ameishika miaka ishirini na tano nyuma ya baba yake mkubwa. Hakucheka.

Nimeiona picha yako ya chai. Hapa kiwanjani wameibandika mlangoni pa chumba cha mizani tunapopimwa uzito, na mtu amekuchorea masharubu. Nimeyaacha, yanakupendeza.

Nitakuja. Nimekubali kumpanda Badal, na usiniapishe kwa roho ya Mama kwa jambo kama hilo. Wewe ulipokuwa unaitwa mfalme, mimi nilisifiwa kitu kimoja tu, mikono. "Mikono ya Shashikant Dhumal." Umesahau nani alinifundisha kushika hatamu kwa kamba ya ndoo pale nyuma ya mazizi ya Pune? Mikono hiyo haijawahi kumwachia mtu, na haitaanza na wewe. Jiandae kuaibika mbele ya wapiga picha wako.

Mwandiko uniwie radhi. Baridi ya mwaka huu imeganda hadi kwenye vidole, na barua hii nimeiandika kwa siku tatu. Kumud ananicheka, anasema siku hizi navunja gilasi za chai kama mlevi. Asubuhi ananifunga vifungo vya shati, najiona bwana harusi.

Tutaonana Machi. Msalimie goti.

Mdogo wako,
Shashi


Bombay, 3 Aprili 1988

Shashikant,

Natumaini ulifika salama. Wasalimie mke na mtoto.

Nimeshinda. Kwa urefu wa kichwa cha farasi. Walinivika maua hadi nikashindwa kuona mbele, bendi ikapiga, wanawake walilia jukwaani. Mwenyekiti wa kiwanja alinikabidhi kikombe. Nusu saa nzima nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Bombay, na najua hata wakati huo nilikuwa najidanganya.

Kwa sababu nilikuona. Tulipoingia njia ya mwisho ulikuwa mbele yangu kwa nusu shingo. Nilikuwa nimebakiwa na pumzi kidogo, na Neelkanth pia. Nikageuka kukutazama, maana nilitaka kuona unavyonimaliza. Mikono yako ilikuwa imetulia. Mita mia mbili za mwisho, Shashi! Imelala shingoni mwa farasi, haimsukumi. Halafu mjeledi wako ukaanguka. Wewe hujaangusha mjeledi tangu uzaliwe.

Nilikukuta mlangoni pa mizani nikakuuliza, "Ulifanya nini?" Ukaniambia, "Umepanda vizuri, Kaka." Basi. Ukaniangalia usoni ukasema hivyo.

Kesho yake magazeti yote yaliandika. Moja liliita mbio yetu Zawadi ya Ndugu. Yule wa Jumamosi alijipongeza kwamba alisema mapema. Wengine wakamjibu kwamba ana roho mbaya, kwamba mtu wa miaka thelathini na sita kazini anastahili heshima. Yaani hata waliokuwa wananitetea walikubali kwamba niliachiwa!

Wasimamizi wa mashindano walipoonyesha filamu ya mbio, wewe ulikaa kimya. Waliniita mimi, wakaniuliza, "Dhumal, ulikuwa kando yake. Uliona nini?" Nikasema nilichokiona. Nikasema mikono yako ilitulia kuanzia mita mia mbili za mwisho. Sikuongeza neno. Wakakufungia mwaka mzima.

Sijutii. Nilikuomba jambo moja tu. Nataka uniandikie mwenyewe, kwa mkono wako, kwa nini ulinifanyia vile.

Dattatray


Pune, 12 Mei 1988

Shashi,

Wiki tano na sijapata jibu. Hamjambo? Tumehamia Pune moja kwa moja. Joto ni kali na Sulabha anakusalimu. Hanisemeshi sana. Anasema mtu hamshtaki ndugu yake kwa wageni, hata kama ana haki mara kumi. Nikamwambia hakuona. Akasema, "Wewe uliona mikono. Uso wake uliuona?"

Kikombe kipo kabatini, nyuma ya mablanketi. Wanakuja watu wa magazeti bado, wanataka nisimulie ushindi wa mwisho. Nimewafukuza. Mmoja aliniuliza kama tumegombana. Nilimfungia mlango nusura nimbane vidole.

Sasa naruhusiwa kula. Juzi Sulabha alinipikia puran poli, zile chapati tamu za dengu, nikala tatu zenye samli, kitu nilichokitamani miaka yote ile nilipokuwa naishi kwa yai la kuchemsha. Sikuisikia ladha. Nilikuwa nakufikiria wewe huko Calcutta, saa kumi na moja alfajiri, umeamka kwa mazoea na huna farasi wa kumpanda.

Hasira yangu imepungua. Nitukane hata ukitaka, lakini niandikie.

Kaka yako


Calcutta, 9 Juni 1988

Kaka,

Shikamoo. Mvua zimeanza huku, barabara yetu ni mto. Kumud hajambo. Mwandiko unaouona ni wa Vaishali. Nasema, yeye anaandika, na nimemkataza kulia juu ya karatasi kwa sababu wino unasambaa.

Uliniambia nikuandikie kwa mkono wangu mwenyewe. Ndiyo maana nimechelewa. Nilijaribu, Kaka. Nimejaribu tangu Aprili.

Vidole vilianza mwaka jana wakati wa mvua. Kwanza kidole kidogo cha mkono wa kulia, kama kimelaliwa. Nikadhani ni baridi ya hatamu zilizolowa. Kisha vifungo, kisha gilasi, kisha kalamu. Juu ya farasi nilikuwa naweza bado, mwili unajua wenyewe. Sikumwambia mtu, kwa sababu nikimwambia daktari wa kiwanja ananinyang'anya leseni siku ileile, na mimi nimepanda tangu nina miaka kumi na minne, kazi nyingine sijui.

Siku yako nilikuja kukushinda. Mpaka njia ya mwisho nilikuwa na hakika nitakushinda. Halafu mkono wa kulia ukazima, na wa kushoto ukafuata. Vidole vilikuwepo pale mwisho wa mikono yangu lakini havikuwa vyangu. Nilikuwa nampigia Badal kelele kwa sauti yote niliyonayo. Watu walikuwa wanaimba jina lako, ndiyo maana hukusikia.

Mbele ya wasimamizi nilikuwa na mambo mawili ya kuchagua. Niseme ukweli, niwe nimekwisha kabisa. Au ninyamaze, nifungiwe, nipumzike, nipone, nirudi kimyakimya. Nilikuwa nahesabu kwamba mwaka si mwingi. Sikujua kwamba wewe ndiye utakayeitwa. Ulisema ulichokiona, na ndivyo ilivyokuwa, mikono ilitulia. Sikuwa na hasira. Nilikuwa na aibu tu kwamba unaamini nimevunja kiapo cha Mama.

Sitapona. Madaktari wawili wamesema, na wa tatu Kumud hakutaka nimsikie. Ganzi inapanda sasa, imefika mabegani.

Sikukupa zawadi, Kaka. Nilitaka ulijue hilo.

Mdogo wako,
Shashi

(Baba mkubwa, shikamoo. Ni mimi Vaishali. Hiyo alama ya dole gumba hapo juu ni ya Baba. Alisema barua bila sahihi si barua.)


Pune, 20 Juni 1988

Shashi, Shashi wangu,

Sijui nianze na salamu gani.

Nimesoma barua yako nimekaa kwenye ngazi za nyumba hadi Sulabha akaja kunitafuta. Mikono ile niliifundisha mimi. Niliifunga kamba ya ndoo ulipokuwa mtoto, nikakuambia vuta, legeza, vuta. Nilikuwa umbali wa mkono kutoka kwako na sikuielewa. Nilipoiona imetulia nilijifikiria mimi tu, heshima yangu, magazeti yangu. Haikunipitia kichwani hata mara moja kwamba jambo linaweza kuwa lako.

Na barua zako, Shashi. Nilizicheka.

Nilikwenda Bombay siku ileile. Nimewapa wasimamizi cheti cha daktari ambacho Kumud alimtumia Sulabha pamoja na barua yako. Walikisoma, wakapitishiana, wakafuta adhabu. Kisha mmoja wao, kwa upole kabisa, akaniambia kwamba kwa cheti hichohicho leseni yako imekwisha. Basi nimekusafisha na kukumaliza asubuhi moja.

Nikachukua picha yako nikaenda kwenye lile gazeti lililonipiga picha na chai. Nikawaambia andikeni, Shashikant Dhumal anastaafu, miaka ishirini na saba, ushindi mia sita na kumi na mmoja. Kijana wa mezani akaniuliza, "Huyu ndiye yule aliyekuachia?" Nilipiga kelele mpaka wakaja kunitoa. Waliandika mistari miwili, chini ya habari ya bei ya vitunguu. Sikutumii.

Msimu wa mbio wa Pune unaanza mwezi ujao. Nimeongea na wapanda farasi wote, na masaisi wa zamani waliotutunzia farasi. Wamekubali kusimama mistari miwili getini, asubuhi, kabla watu hawajaja. Nitakuvika maua mimi mwenyewe. Njoo na treni, nitakulipia behewa la kulala. Ukishindwa kuja, nitayaleta maua Calcutta.

Kikombe nimekitoa kabatini. Nimekaa nacho mezani siku nzima. Nilichotaka maisha yangu yote ni kujua nani mwenye kasi zaidi kati yetu siku ile, na sasa hakuna mtu duniani atakayejua. Nisamehe hata kulitaja hilo. Nisamehe.

Kaka yako,
Dattu


Calcutta, 8 Julai 1988

Kaka,

Shikamoo wewe na shemeji. Kumud anawasalimu. Mvua haijakatika.

Treni siiwezi tena. Njoo wewe, na usisubiri msimu uanze.

Maua usilete, yatanyauka njiani. Lete barua zangu za zamani, zile nilizokuwa nakuandikia kutoka Mysore nilipokuwa najifunza kazi. Najua shemeji hatupi kitu, zitakuwa kwenye sanduku la bati. Vaishali hajawahi kuona mwandiko wangu mzuri. Nimemwambia nilikuwa naandika herufi zilizolala vizuri, mwalimu alizionyesha darasani, na naona haamini. Nataka azione. Na mimi pia nataka kuziona.

Kuhusu mbio, acha kujitesa. Kikombe kiweke juu ya kabati. Wasimamizi walikuwa mbali, mimi nilikuwa kando yako, na nasema ulishinda.

Samahani kama alama imekwenda upande. Safari hii Vaishali ndiye aliyenishikia kidole.

Mdogo wako