Jumapili ya Upinde na Simu ya Anitha

Jumapili, mwezi wa kumi. Joto la kungojea mvua, vumbi mpaka kwenye meno. Moyoni: kimya.

Leo tumekwenda tena kijijini Isikizya kulenga shabaha, mimi na mume wangu Deo. Hii ni wiki ya tisa. Baada ya misa tunatoka nyumbani Cheyo kwa pikipiki hadi shamba la binamu yake, tunaegemeza kwenye kichuguu gunia lililoshindiliwa pumba za mpunga, tunaanza kurusha mishale. Pinde zetu alizichonga fundi wa hapo kijijini, ambaye kwa kawaida huwachongea wacheza ngoma. Alitucheka. Mtu na mkewe, watu wa mjini, pinde za nini?

Lilikuwa wazo la Deo. Nilikubali kwa sababu kukataa kungehitaji maneno.

Niseme ukweli hapa, maana kwingine sisemi. Mwezi wa sita mdogo wangu Vero alirudi kutoka Uarabuni, akamchukua mwanawe. Anitha aliletwa kwetu akiwa na miezi minane. Ameondoka ana miaka saba, meno mawili ya mbele yameng'oka. Sisi wenyewe hatukujaliwa mtoto. Mtaani bado wananiita Mama Anitha, nami naitika.

Hakuna aliyenikosea. Mtoto ni wa Vero.

Sijalia hata siku moja. Nafua, naenda kazini, narudi, napika wali wa watu watatu. Kitu pekee ninachokisikia wiki nzima ni upote, ile kamba ya upinde, ikinichapa mkono wa kushoto ninapoachia vibaya. Deo alinishonea kipande cha ngozi nijikinge. Mara nyingi nakisahau nyumbani. Labda sikisahau.

Leo, baada ya mshale wa tano au wa sita, Deo alishusha upinde wake.

"Vero alinipigia mimi kwanza," alisema. "Kabla hajaja. Aliogopa kukwambia."

Nikamuuliza alimjibu nini.

"Nilimwambia mtoto ni wako, njoo umchukue. Wewe sikukuuliza. Nimekaa nalo miezi yote hii, Mama Anitha. Nisamehe."

Nilisubiri hasira ije. Haikuja. Nikaweka mshale mwingine, nikavuta, nikakosa hata kichuguu. Tukaenda kuutafuta kwenye majani makavu, wote wawili tumeinama. Yeye ndiye aliyeanza kulia. Deo huyu, aliyemzika baba yake kule Ulyankulu macho makavu.

Nikamshika bega. "Ungeniuliza, ningemng'ang'ania mtoto wa mwenzangu," nikamwambia. "Bora hukuniuliza."

Sikujua kama nafikiri hivyo mpaka nilipojisikia nikisema.

Kuna jambo jingine. Kila Jumapili alasiri Anitha hupiga simu kutoka kwa mama yake Kahama, na kila Jumapili najitia kazi ili Deo azungumze naye. Vero amemfundisha kuniita mama mkubwa, kama inavyostahili. Sikutaka kulisikia neno hilo.

Simu iliita tukiwa bado shambani. Deo aliishika tu, ikawa katikati yetu, inaita. Nikaipokea.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

Basi. Neno lilikuwa limepita. Aliniambia jino moja limeota, la pili bado. Akauliza, "Eti ni kweli mnapiga mishale? Na mimi nataka!" Nikamwambia akija likizo. Akasema pinde zetu kubwa, yeye hataweza. Nikamwambia tutamchongeshea yake.

Nilisema hivyo kwa sauti ileile ninayowajibia watu kazini. Lakini wakati wa kurudi nilimwomba Deo asimame kwa fundi, nikashuka mwenyewe. Nikamweleza nataka upinde wa mtoto wa miaka saba.

"Kimo chake?" aliuliza.

Nikaweka mkono chini ya kifua changu. Hapa.

"Ulimwona lini mara ya mwisho?"

Nikabaki nimesimama mbele yake, kiganja kiko hewani, nikijaribu kukipandisha kidogo, nikikishusha, nikikipandisha tena. Machozi yalikuwa yanashuka na sikuyafuta. Fundi aliangalia pembeni. Deo alizima pikipiki.

Tangu mwezi wa sita, mtoto huwa ameongezeka kimo kiasi gani?