Mchezo Wangu na Maji ya Mchangani

Migwani, Jumatano, Agosti 1996

Eti fumbo langu halina maana. Gazeti la Nairobi limeandika hivyo kuhusu mchezo niliotengeneza kwa miaka miwili kwenye kompyuta ya shule, nikawatumia nakala kwa diski. Mchezaji ana kiu, mto umekauka, mkononi ana kibuyu tu. Mwandishi alijaribu kila kitu akakwama, eti hakuna mtu angefikiria kuchimba mchanga wa mto apate maji.

Hakuna mtu!

Hedimasta alisoma, akachukua ufunguo wa chumba cha kompyuta: kompyuta sasa ni ya mitihani tu. Mchezo umebaki humo ndani.

Jioni nilimsomea mama gazeti hilo alipotua mtungi wa maji, magoti yake yamejaa mchanga wa mtoni. Akauliza, "Kwani huyo mwandishi alikufa na kiu?"

"Hapana, mwaitu. Alizima kompyuta."