Ordinatere Iliyosahau

Mujukuu wangu Kahindo,

Hapa Butembo tunaamka vizuri. Mama yako amerudi toka Masereka na viazi, mudogo wako ameanza kutembea. Unaniuliza kama utupe ordinatere yako, ile kompyuta, sababu umeiwekea système mupya, programu ya kuiendesha, lakini ingali inaenda polepole na inaleta makosa tu.

Wakati wa vita tulikimbilia Beni. Tuliporudi hapa Mususa, mutaa wetu wa Butembo, ordinatere yetu ya kuandikia watu barua ilisafiri juu ya kamyo ya mizigo, na tangu siku ile ikakataa kufanya kazi vizuri, kama yako. Nikaweka système mupya, ikabaki vile vile. Na mama mumoja alikuwa kwetu, anangoja tumuandikie tangazo la kusomwa makanisani: mutoto wake alipotea njiani. Nikaanza kupigapiga ile mashini. Muke wangu Masika akanishika mukono.

"Hapana igombeze. Pengine inasahau tu. Sisi pia tunasahausahau tangu vita."

Ndipo nikaifungua. Kipande kimoja cha mémoire, kile cha kuisaidia kukumbuka, kililegea njiani, kimejaa vumbi. Nikakisugua na gomme, kifutio cha penseli, nikakirudisha vizuri. Ikaanza kufanya kazi mbio.

Tangazo likafika mpaka Mavivi, karibu na Beni, na mutoto akaletwa. Mama yake alimufunga mugongoni, hata kama alikuwa mukubwa, akaenda naye.

Basi, hapana tupa. Zima, chomoa waya, angalia mémoire kwanza. Ikikataa, kuja nayo nyumbani. Hata ikipona, kuja tu. Nina hamu ya kukuona.

Koko wako,
Paluku