Ile saa moja ya Kinshasa

Alhamisi, jioni

Siku tatu nalaumu programu yangu bure.

Ni ile ya randevu za wagonjwa, saa zao za kuonana na daktari. Ku ordinateri, ile kompyuta ya hospitali, mugonjwa iko na randevu saa tatu, ku yangu ni saa mbili. Programu ni ile ile. Nimeisoma mustari kwa mustari mpaka macho yakauma.

Leo nikamuita Nadège, mwenzangu wa kazi. Hakusoma hata mustari moja. Akafungua mahali pa kupanga saa. “Maman Grâce, ordinateri yako iko na saa ya Kinshasa. Nani aliiweka?”

Nikasema sijui.

Ni mimi. Niliiweka bwana yangu alipoenda kule kutafuta kazi, kusudi nisimupigie simu akiwa bado amelala. Sisi Bukavu tunawatangulia kwa saa moja. Sasa ni miezi hapigi, na mimi nimechoka ku…

Nadège alitaka kuibadilisha. Nikamuambia aache, nitafanya mwenyewe nyumbani.

Nimetengeneza programu: sasa itaonyesha saa ya Bukavu ku kila mashine. Saa ya ordinateri sijaigusa. Inaniambia kule ni saa moja ya jioni. Bado hajalala.